Beseni Chini ya Gari

Dada yake mama alikuwa mahututi kijijini Chiungutwa, chini ya mlima, na mama, aliyekuwa kwake Newala, alitaka jambo moja tu: amwamkie dada yake, naye aitike. Pikipiki hawezi kupanda kwa sababu ya nyonga. Ndiyo maana nilipouza korosho nilinunua gari lililokwishatumika, rangi mbili, mlango mmoja wa nyuma haufunguki kwa ndani. Shemeji yangu alinitania kwamba nimeoa mjane, nisimuulize ya nyuma.

Aliyeniuzia alinipa usia: "Gari kuukuu halisemi linaumwa wapi. Kila asubuhi angalia chini." Nikaangalia. Siku zote gari lilipolala uwanjani kwa mama nilitoka na kikombe cha chai, nikapiga goti, nikaona mchanga mkavu kabisa. Nilijiona mjanja kweli.

Asubuhi ya safari binamu yangu alipiga simu kutoka kwa mgonjwa. "Mleteni mama mapema. Dada yake anamuulizia." Mama alikaa mbele, khanga mpya magotini, dumu la maji miguuni. Aliyekulia Newala enzi za kushuka bondeni na kupanda na ndoo kichwani hasafiri bila maji, hata siku hizi ambapo bomba lipo na hutoka linapotaka.

Tulikuwa tumeshamaliza kushuka mlima gari lilipokosa nguvu. Nikakanyaga mafuta, likagonga, likazima. Mshale wa joto ulikuwa umelala chini. Nikashuku mafuta, nikashuku betri, nikamshuku hata jirani mmoja asiyenipenda. Magari yaliyopita yalikuwa yamejaa magunia ya korosho hadi juu.

Fundi alikuja kwa bodaboda kutoka kijiji cha karibu. Alimwamkia mama, akasubiri kuitikiwa, ndipo akafungua rejeta. Ilikuwa kavu.

"Mshale unapima maji," akaniambia. "Maji yakiisha hauna cha kupima."

Mama akatoa dumu lake kabla hajaombwa. Fundi alimimina yote, akaniambia nipige stata, na mdomoni mwa rejeta maji yakatoa mapovu. Injini imechemka bila maji hadi gasketi ya hedi imeungua, akasema, gari hili haliendi leo.

"Kwani lilikuwa halivuji?"

"Halivuji," nikamjibu kwa ukali. "Naangalia kila siku."

Mama akatugeukia. "Linatoa maji, baba. Usiku nalisikia. Nilikuwa naliwekea beseni, alfajiri naliondoa, namwagilia mipapai. Haba na haba, sikutaka yapotee."

Fundi alinitazama. Nilimwomba kwa macho anyamaze na, Mungu amlipe, alinyamaza. Alisema tu kwamba magari haya yana mambo mengi. Lakini mama aliitazama rejeta, akalitazama dumu tupu, na tangu hapo hakuuliza tena tutafika saa ngapi.

Lifti tuliipata alasiri. Tulipofika, wanawake walikuwa wameshakaa chini kwenye mikeka, na mtu hakuhitaji kuambiwa. Mama mkubwa alikuwa amekata roho muda si mrefu. Mama alishikwa mikono hadi chumbani, akainama juu ya shuka.

"Shikamoo, dada."

Akasubiri. Alisubiri kwa adabu, kama mdogo anavyomsubiri mkubwa wake, na hakuna aliyethubutu kumwinua. Nilitamani niitike mimi. Nililia mbele za watu na sikuona aibu.

Gari nililiuza hivyo hivyo bovu. Habari ya beseni hatujawahi kuizungumza, na sijui niianzie wapi. Mvua ya kwanza ilipoanza kupiga bati nilitoka mbio kumsaidia kupanga ndoo na masufuria chini ya mchirizi, kazi yetu ya kila mwaka tangu nikiwa mdogo. Nilimkuta amekaa barazani, mikono mapajani, maji yakikata mfereji kuelekea barabarani. Beseni lilikuwa limeegemezwa ukutani, kavu.

Nikaliendea.

"Yaache, baba," akasema. "Yaache yaende."