Onyo la Pili

Mtangazaji wa uwanja wetu hapa León, Meksiko, husoma onyo polepole, akiinyoosha karatasi kwa kiganja ingawa maneno ameyakariri zamani. Mimi hukaa kando yake nikibadilisha mabao kwenye ubao. Jumamosi mashabiki wetu walimzomea kipa wa wageni "shoga" mara mbili alipokuwa akipiga mpira kutoka golini, refa akasimamisha mchezo. Wakirudia, mechi inavunjwa na tunanyang'anywa pointi. "Watu wote hawa waadhibiwe kwa utani tu, mzee wangu?" Eligio, fundi wa sauti, akamcheka mtangazaji. "Kwani nani anaumia?" Mtangazaji alisoma hadi mwisho, akazima kipaza sauti. "Mimi, Eligio," alisema. "Kila wiki." Kicheko kilimkauka Eligio. Kule chini kipa wa wageni akaanza kuukimbilia mpira aupige, na jukwaani ile "eeee" ndefu inayotangulia neno lenyewe ikaanza kupanda.