Mahema ya Mwalimu Keynan

Shemeji yangu Keynan alikuwa mwalimu pale Garissa, na kimbelembele kilikuwa kimemjaa tele. Mwaka 1966, vita vya shifta kati ya serikali na waasi wa Kisomali vimepamba moto na kafyu inatufungia ndani kila magharibi, yeye alikwenda kuomba ruhusa ya kuwapeleka wanafunzi kupiga kambi kwenye kisiwa katikati ya Mto Tana. Eti wakajifunze maisha ya porini. Watoto waliozaliwa safarini, kati ya kisima na kisima!

Wakati huo hakuwa shemeji bado. Alikuwa amemposa dada yangu Khadijo, na baba alikuwa anatafuta kisingizio tu cha kumkatalia, maana mtu asiye na ngamia hata mmoja hakumhesabu kuwa mtu. Keynan alilijua hilo, akawa anatembea mjini kwa adabu kama bibi harusi.

Afisa wa wilaya alikubali kwa sharti moja: kafyu ikianza, aone mahema yamesimama. La sivyo, wote warudi, na ruhusa nyingine wasahau.

Wavulana walivuka kwa mtumbwi, wakaoga, wakala, wakacheza. Ilipofika kazi ya mahema, wakakaa chini. Kwetu Wasomali nyumba hujengwa na mwanamke, na ni mali yake. Mwanamume akishika hata fito moja, ataimbwa kwa dhihaka kwenye visima vyote.

"Maalim," akasema Nunow, mkubwa wao, kwa Kiswahili cha darasani, "nyumba iko kasi ya mama. Sisi nangoja mama."

"Mama gani huku kisiwani?"

"Basi sisi nalala nje tu."

Jua lilikuwa linashuka. Keynan akavua shati. Mimi nilikuwa ukingoni nikinywesha mbuzi pamoja na wanawake wengine, na tuliona yote: mara kigingi mdomoni, mara turubai limemfunika, miguu tu ndiyo inaonekana ikirusharusha mchanga. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye aliinama kwelikweli. Tulicheka mpaka mbavu zikatuuma. Ebla, jirani yetu, akamtungia wimbo palepale: "Bibi harusi wa kisiwani, mahari yako ngamia wangapi?" Lakini mahema yalisimama. Yalikuwa yamepinda, ila afisa hakuulizia kupinda.

Wimbo ulimfikia baba kabla hata hatujafunga mbuzi. Waliporudi kutoka kisiwani, akamwita Keynan mbele ya wazee, uso umemkunjuka kwa furaha.

"Sina binti wa kumwoza mwanamke mwenzake," akasema.

"Adeer, mzee wangu, watoto wangerudishwa," Keynan akajibu, akainamisha kichwa. Nilimwonea huruma, mimi niliyecheka kuliko wote.

Ndipo Khadijo akatoka ndani. Mama yetu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo kazi ya nyumba ilikuwa juu yake.

"Aabo, mwaka huu nimejenga mara tatu," akamwambia baba. "Nyumba ya kwanza askari waliichoma. Ya pili tuliamriwa tuibomoe, tuhamie kijiji cha serikali. Ya tatu ndiyo hii mnayokalia kivuli chake. Mara zote nilijenga peke yangu, na wanaume mlikaa hapo mkiniambia fito gani imelegea."

Wazee wakatazama viatu vyao.

Khadijo akamgeukia Keynan. "Mahema yako yalikuwa yamepinda vibaya," akamwambia. "Mwambie baba yako alete mahari."