Gunia la Mama Marceline

Mama Marceline wa mtaa wa Katuba alianza vita na chumvi mwaka ule mume wake, Adalbert, alipoanguka kanisani katikati ya wimbo. Clément, muuguzi wa dispansere, alimpima akasema damu yake inapanda mno, apunguze chumvi. Basi Marceline akawakusanya akina mama wa mtaa. Wakakubaliana samaki wa chumvi walowekwe usiku kucha, sombe, mboga ya majani ya muhogo, ikolezwe karanga, na kopo la chumvi lisikae mezani.

Wote waliitikia, kisha kila mmoja akarudi kwake kupika kama zamani. Adalbert mwenyewe alizoea kwenda kumsalimia jirani yao Mwila saa za chakula, na mwanamke huyo hakuwa na mkono mwepesi kwa chumvi.

Ikafika Oktoba 1991. Askari waliokosa mshahara wakavunja maduka ya mjini, na watu wakawafuata nyuma. Marceline alimkataza mumewe kutoka. Akatoka. Alirudi anatweta, gunia kichwani, akaapa hakuvunja mlango wa mtu. Alilikuta njiani, limeangushwa na waliokimbia risasi. Alikuwa na hakika ni sukari.

Marceline akalifungua, akaonja, akaketi chini akacheka mpaka machozi.

"Papa Edith," akasema, akimwita mumewe kwa jina la binti yao, "umetuletea munyu."

Maduka yalibaki matupu, na chumvi kama ile ikakosekana hata sokoni. Habari za gunia hazikukawia. Asubuhi wanawake walijaa uani, Mwila mbele, wakimuuliza Marceline kama alikuwa akiwakataza chumvi ili ajiwekee yeye.

Alikasirika. Halafu akawatazama wale wanawake, wote wamefika bila kuitwa, jambo ambalo mikutano yake haikuwahi kuliona. Akaingia ndani, akatoka na kijiko cha chai.

"Kila nyumba kijiko moya kwa siku," akasema. "Mwenye kuona haitoshe, aende kutafuta magazini," yaani kwenye maduka yale matupu.

Mwila aliomba kipimo kiwe upawa. Akapewa kijiko kilekile, tena Marceline akakisawazisha kwa kidole.

Walinung'unika sana, wakajifunza ndimu na pilipili. Adalbert alikosa pa kusalimia.

Clément alipompima tena, damu ilikuwa imeshuka, akampongeza Marceline. Adalbert akamsahihisha: kilichomponya ni mazoezi ya kubeba gunia.

Marceline hakubishana. Alimwambia tu kwamba njia ya Lukafu, wanakopita wachoma makaa, ina magunia mengi ya makala yanayongoja kichwa chake.