Ngazi Ndani ya Kisanduku

Clement Bickerdike alikuwa na kazi mbili maishani: kusafisha madirisha ya watu wa Wiggenshaw, mji mdogo wa Uingereza, na kushindwa kwenye uchaguzi. Zote mbili alizifanya kwa moyo mweupe, na hakuna hata moja iliyowahi kumkosesha usingizi.

Hiyo ya pili alipewa na dada yake Hester, katibu wa tawi la chama. Tawi lenyewe lilikuwa dogo kiasi kwamba mkutano mkuu wa mwaka ulifanyika kwenye sofa la Hester, na paka bado akapata pa kulala. Lakini Hester hakuwa tayari kuona karatasi ya kura imechapishwa bila jina la chama chake. Kwa hiyo kila uchaguzi wa baraza la mji ulipokaribia, alimwendea mdogo wake na keki ya limau.

"Clem, weka sahihi hapa."

"Nitashinda?"

"Wewe? Labda wengine wote wafe."

"Basi lete kalamu."

Watu wa aina yake wana jina kule: mgombea wa karatasi. Yupo kwenye karatasi, kwingine hayupo. Habishi hodi kwa mtu, hagawi vipeperushi, hapigwi picha akilionyesha shimo la barabarani kwa uso wa msiba. Siku ya kura anajipigia, na siku ya kuhesabu yuko zake juu ya ngazi, sponji mkononi. Kiti cha kata kilikuwa cha Diwani Aldcroft, ambaye alikikalia tangu enzi taa za barabarani zikiwaka rangi ya machungwa. Clement hakuwa na ugomvi naye. Alimsafishia madirisha.

Tena mwaka huu Clement alikuwa na sababu nzito ya kushindwa. Baada ya kusubiri mpaka nywele zikakimbia, hatimaye klabu yake ya mchezo wa tufe, ule wa kuviringisha mipira kwenye nyasi, ilikuwa imemchagua nahodha. Mechi zao ni Jumatano jioni, kwenye nyasi zilizonyolewa vizuri kuliko ndevu za bwana harusi. Na baraza la mji nalo, kwa ubaya wake, hukutana Jumatano jioni.

Kilichomponza ni adabu. Mtu aliye juu ya ngazi nje ya dirisha la chumba chako cha kulala hana budi kuwa mpole, la sivyo ataitiwa polisi. Watu walifungua dirisha wakamlalamikia: mapipa ya taka hayajachukuliwa, mbwa wa jirani ana tabia mbaya, basi halieleweki linapita saa ngapi. Clement aliwajibu wote jibu moja.

"Niachie mimi."

Sasa, niachie mimi ya kule si ahadi. Ni kama kusema "pole" au "na mvua hii nayo". Mwingereza akikuambia niachie mimi, maana yake mazungumzo yamekwisha na angependa kurudi kwenye chai yake. Kila mtu analijua hilo, na hakuna anayedai.

Shida ni kwamba Clement alikuwa na ngazi. Mtu akilalamika kuwa mfereji wa paa umeziba, naye yuko palepale juu, mkono unajipeleka wenyewe: majani yanatoka, na mpira wa tenisi, na siku moja soksi ambayo mwenye nyumba aliikana kwa haraka mno. Matawi yaliyofunika kibao cha mtaa aliyakata. Kioo cha ratiba kituoni alikipiga sponji, ikagundulika kwamba basi halipiti kabisa siku ya Jumapili, jambo lililomaliza ubishi wa muda mrefu. Hakuona kama hiyo ni siasa.

Kitu kimoja tu kilimshinda. Mbele ya nyumba ya Bibi Scattergood, mtaa wa Tannery, kulikuwa na taa ya barabarani iliyokufa tangu Krismasi. Bibi Scattergood alikuwa na zaidi ya miaka themanini, lakini ulimi wake haujafika arobaini. Bila taa hiyo hakuthubutu kwenda bingo, maana kurudi ni gizani na mawe ya njia yamekaa ovyo.

"Nimewaandikia baraza mpaka tarishi ananionea huruma," alimwambia dirishani.

"Niachie mimi, mama."

"Usiniletee niachie mimi. Aldcroft naye aliniambia hivyohivyo. Na hicho kipago chako kilichopinda kitakuua."

Kipago cha tatu cha ngazi yake kilivunjika zamani, naye akapachika mpini wa ufagio uliokaa mshazari. Clement alicheka, akaiegemeza ngazi kwenye mlingoti wa taa, akapanda, akachungulia. Nyaya. Hiyo ilikuwa kazi ya baraza, si ya sponji. Akashuka, akaenda nyumba ya pili, akasahau.

Kura zilipigwa Alhamisi. Ijumaa kabla ya chakula cha mchana, simu ililia mfukoni mwake akiwa juu ya duka la samaki na chipsi.

"Shuka kwenye ngazi," alisema Hester.

"Kuna nini?"

"Mko sare."

"Sare gani? Mimi nimevaa ovaroli."

"Sare ya kura, bwege wewe! Wewe na Aldcroft! Wamehesabu mara mbili!"

Alifika ukumbi wa michezo, kura zilikohesabiwa, akiwa na ndoo, magoti yamelowa. Meza zilipangwa chini ya goli la mpira wa kikapu. Dada yake alimbandika ua la kitambaa la chama kifuani kwa nguvu hadi pini ikamchoma.

"Hester, uliniambia sitashinda."

"Nilikuambia ukweli nilioujua. Tulia."

Ilibaki karatasi moja yenye utata. Msimamizi wa uchaguzi, mama mwenye miwani ya mnyororo, aliiweka mezani ili wagombea waione. Haikuwa na alama ya mkasi, ile X ya kupigia kura, popote. Ndani ya kisanduku cha Clement, kwa penseli, mtu alikuwa amechora ngazi ndogo.

"Dhihaka hiyo," alisema Aldcroft. "Leo ngazi, kesho watachora bata."

"Akichora bata kwenye kisanduku chako, nitakuja kukupongeza mwenyewe," alisema Hester.

"Sheria haidai mkasi," msimamizi alisema kwa sauti ya mtu aliyekosa kifungua kinywa. "Inadai nia ya mpiga kura ionekane. Nikiikubali, Bwana Bickerdike amepata kiti. Nikiikataa, tunachomoa jina moja kwa bahati kwenye kopo la biskuti. Kabla sijaamua, kuna mwenye pingamizi? Bwana Bickerdike?"

Hapo ukumbi mzima ukamgeukia. Clement aliuona mlango uko wazi. Aseme tu kwamba huo ni mchoro wa utani, kisha aombe kopo la biskuti limtoe. Nahodha. Jumatano jioni. Nyasi.

Akainama aitazame karatasi. Vipago vyote vilichorwa vimenyooka, isipokuwa cha tatu. Hicho kilikaa mshazari.

Maji yalimdondoka kwenye mkono wa ovaroli. Aliyeichora alikuwa ameshikilia kile kipenseli kilichofungwa kwa kamba, akasahau mkasi, akakumbuka kipago. Na Clement aliikumbuka taa.

"Ngazi hiyo ni yangu," alisema.

"Sikuuliza ni ya nani. Nimeuliza kama una pingamizi."

"Sina."

"Kura imekubaliwa."

Hester alipiga ukelele uliomwamsha mbwa wa mtu mlangoni. Aldcroft alikunja uso, akaukunjua, akanyoosha mkono.

"Jumatano, saa moja jioni, Bickerdike. Viti ni vigumu. Njoo na mto."

Wakamsukumia kipaza sauti. Clement hakuwahi kuhutubia watu, aliwahi kuwafokea njiwa tu.

"Asanteni," alisema. "Ndoo yangu iko njiani, msijikwae."

"Na shimo la Mtaa wa Mill?" mtu alipaza sauti kutoka nyuma.

"Nia—" alianza Clement, akafunga mdomo. Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na Aldcroft ndiye aliyecheka zaidi.

Jumatatu alikuwa mtaa wa Tannery. Dirisha lilifunguka kabla hajalowesha kioo.

"Diwani Bickerdike," alisema Bibi Scattergood. "Sijui hata nani alikupigia kura."

"Hata mimi sijui, mama. Kura ni siri."

"Vizuri. Na taa yangu?"

Lile jibu lilikuja mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Jumatano nitasimama niwaulize mbele ya wote. Wakinizungusha, nitasimama tena Jumatano inayofuata."

"Jumatano si siku yako ya tufe? Ulishanichosha na unahodha wako."

"Wametafuta nahodha mwingine."

Bibi alimtazama Clement, kisha akakigeukia kioo na kukikagua kutoka juu hadi chini.

"Kona ile umeiruka," alisema, akafunga dirisha.