Mzee Aliyesikiliza Diski

Mzee aliyenifundisha kazi ya kompyuta alikuwa anapofuka, na kwa muda mrefu ni mimi tu niliyejua.

Tulikuwa wawili katika chumba cha kompyuta cha chama cha wakulima, mjini Eldoret, miaka ile ya utawala wa chama kimoja. Majina ya wakulima wote yalikuwa yametolewa kwenye kadi na kuingizwa ndani ya mashine, lakini kumtafuta mkulima mmoja kulichukua muda mrefu kuliko kupekua zile kadi. Msimu wa kupanda ukikaribia, watu waliotoka Ainabkoi alfajiri kuja kuchukua mbegu walishinda kwenye mabenchi, wamejikunyata ndani ya makoti.

Meneja alituambia, "Hiyo mashine ikiendelea hivi, nitarudisha kadi."

Mzee akaniita pembeni. "Sioni tena maandishi ya skrini," alisema. "Sukari imekula macho. Wewe soma, mimi nitakuambia la kufanya."

Hivyo ndivyo tulivyofanya. Nilitafuta majina yale yale kila asubuhi, nikapima kwa saa yangu ya mkono, nikamsomea matokeo. Yeye aliegemea kabati la mashine, akisikiliza diski ikikwaruza.

"Inasoma majina yote, la kwanza hadi la mwisho," alisema. "Tuitengenezee faharasa, iende moja kwa moja kwa jina inalotaka."

Tukaitengeneza. Mambo yakawa afadhali, ila si sana. Nilitaka tubadilishe kila kitu kwa mpigo, akanikataza. "Badilisha kimoja, upime. La sivyo hutajua ni nini kilichosaidia." Tukaongeza sehemu ya memori ya kushikilia majina yanayoulizwa mara kwa mara. Siku hiyo nilipobonyeza, diski ilikwaruza kidogo tu, ikatulia. Jina lilikuwa tayari kwenye skrini.

"Mbona imenyamaza? Imekwama?" aliuliza.

"Imemaliza, Mzee."

Alinyoosha mkono akagusa kioo cha skrini, kana kwamba herufi zingeshikika.

Wiki hiyo mabenchi yalikuwa matupu kabla ya saa nne. Meneja alikuja kumpongeza, akampa karatasi asome ujumbe kutoka makao makuu. Mzee aliishika akiikazia macho, kisha akanipa mimi. Meneja akatutazama, mmoja baada ya mwingine.

Kabla ya mwezi kwisha, Mzee alistaafishwa.

Nilimtembelea nyumbani kwake Kapsoya, nikamkuta na mkewe wakifunga vyombo ili warudi kwao magharibi. Aliniuliza kama diski ilikuwa imeanza kupiga kelele tena. Nikamwambia bado.

"Majina yakiongezeka itaanza," alisema. "Usingoje watu walalamike. Pima."

Mkewe alimshika mkono akampeleka kwenye kiti. Walikuwa wamekwisha kukisogeza, naye alikuwa akikitafuta mahali pake pa zamani.

Habari za kifo cha Mzee zilinifikia kwa simu ya ofisini, mkulima akiwa amesimama dirishani. Nilimwomba jina lake, nikaliandika, likatokea mara moja. Nilipompa karatasi yake ya kuchukulia mbegu akanishukuru kwa kutomchelewesha. Nikafunga dirisha, nikaenda chooni nikalia.