Sabuni Iliyokuwa Haijaiva

Sabuni yangu ya kwanza niliipika kwa mafuta ya alizeti na mawese, nikaikata vipande na kuvipanga juu ya kabati. Vilitakiwa kukaa wiki nne mpaka ukali wa kostiki, ile dawa kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni, uishe.

Siku ya tano mama mkwe alikuja kwetu Tunduma kutoka Hasamba. Mimi nilikuwa sokoni. Alipotaka kuoga hakuona sabuni bafuni, akachukua kipande juu ya kabati.

Niliporudi nilimkuta sebuleni, anajikuna shingo kwa adabu.

“Mwanangu,” akaniuliza, “ile sabuni ni ya kuogeshea ng’ombe?”

“Hapana, mama. Ni ya watu, ila haijaiva.”

Akafikiri kidogo. “Ikiiva, aanze mume wako.”

Nilimsuuza kwa maji mengi, nikampaka mafuta, aibu imenijaa hadi masikio. Yeye aliomba chai tu.

Wiki nne zilipotimia, mume wangu akaanza, kisha nikafuata mimi. Hakuna aliyejikuna. Nikamtumia mama vipande viwili kwa basi.

Baada ya siku chache alinipigia kunishukuru. Alisema sabuni ni nzuri sana, masizi ya sufuria yametoka yote.