Faudhia Aliyeiacha Mvua Ipite

Mtu wa Newala, mji wa mlimani ambako maji ni adimu, hachezei maji. Ukimwaga hata ya kunawa mbele za watu, utatazamwa kama uliyetukana msikitini. Basi msimlaumu sana Faudhia, Mama Husseni, kwa yaliyowapata samaki wake wa kwanza.

Alichimba bwawa nyuma ya nyumba, akalitandika turubai, akalijaza maji ya mvua yaliyoteremka kwa gata, ule mfereji wa ukingoni mwa bati, akatia vifaranga vya perege. Miezi saba akawalisha pumba na mchwa. Desemba ikamkuta perege wametimia kiganja na maji yamepungua. Mvua ya kwanza iliponyesha akashangilia, akaacha gata lote limiminike bwawani. Asubuhi perege wanaelea, matumbo juu. Salfa! Ile salfa, dawa ya unga iliyopuliziwa mikorosho kiangazi kizima, ilikuwa imetanda juu ya bati. Faudhia alilia hadi sauti ikamkauka.

Mwaka uliofuata akarudia. Mimi ningeuza turubai nikanyamaza. Yeye kichwa ngumu, na nampendea hilo. Desemba tena, maji yamebaki ya magotini, perege wanapanda juu kutafuta hewa. Ngurumo ikapiga. Faudhia akatoka mbio, akaligeuza gata, maji yakaenda zake njiani.

“Mama Husseni! Umerogwa?” Mama Furaha, jirani yake, alipiga kelele. “Unamwaga maji!”

“Yaoshe bati kwanza.”

“Na isiponyesha tena?”

Faudhia akalishikilia gata lisirudi bwawani. Hofu hiyohiyo alikuwa nayo yeye mwenyewe.

Siku ya kwanza jua. Ya pili jua. Ya tatu wakafa perege wawili, na siku hiyo hakutia kitu mdomoni. Ya nne, alasiri, mbingu zikafunguka. Akayanusa maji ya bati, akayanusa tena, harufu ya salfa imekwisha, akalirudisha gata bwawani.

Wiki mbili baadaye wakavuta wavu, mtaa mzima umejipanga ukingoni. Mama mkwe wake, Bibi Sijaona, amekula samaki tangu utotoni, lakini wote walimfikia wakavu kutoka pwani. Faudhia akampa perege mkononi. Samaki akapiga mkia, akamrushia maji usoni; bibi akaruka, akamkumbatia kifuani asimponyoke, kanga ikalowa yote.

“Mzima!” akawatangazia watu, machozi yakimtoka. “Jamani, mkwe wangu kafuga samaki mzima!”

Faudhia akapiga kigelegele, wa kwanza yeye mwenyewe.